Kijiji cha Watu 499: Idadi ya Watu na Usafiri Vijijini India

Katika orodha ya vijiji ya sensa ya India ya mwaka 2011, kijiji kidogo hutoshea katika mstari mmoja. Kaya ngapi, wanaume na wanawake wangapi, watoto wangapi wa umri wa miaka 0 hadi 6, wangapi wanajua kusoma. Kisha hufuata usafiri: basi, reli, barabara, teksi, na bajaji, chombo ambacho Watanzania wamekibandika jina la kampuni ya Kihindi inayokiunda. Huduma isipokuwepo kijijini, huandikwa herufi: a kama inapatikana chini ya kilomita 5, b kama ni kati ya 5 na 10, c kama ni zaidi ya hapo.

Herufi haisemi kama njiani kuna mto unaofurika mwezi Julai, au kilima.

Gehlaur, katika wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar, kilima kilikuwepo. Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii ya Musahar, mojawapo ya jamii zinazodharauliwa zaidi katika matabaka ya Kihindu, alifiwa na mkewe, Falguni Devi, huku matibabu yakiwa ng'ambo ya mwamba. Akashika nyundo na patasi mwaka 1960, akaziweka chini mwaka 1982. Alikuwa amechonga njia ya mita 110 hivi, na mwendo kati ya tarafa za Atri na Wazirganj ukashuka kutoka kilomita 55 hadi 15. Alipofariki mwaka 2007, serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za kitaifa. Heshima ni jambo jema, ila miaka 22 ni mingi mno kwa mtu mmoja kufanya kazi ya idara ya ujenzi.

Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulizinduliwa Desemba 2000, na ndani yake idadi ya watu iligeuka kuwa tiketi. Sehemu za tambarare, makazi yasiyo na barabara yalistahili yakiwa na watu 500 au zaidi. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila, 250. Kinachohesabiwa si kijiji kizima bali kitongoji, na hapo waandaaji walipiga ndipo, kwa sababu huko Bihar watu wa tabaka la chini mara nyingi hukaa kwenye vitongoji vyao, kando. Lakini wenye watu 499 wafanye nini? Wakiwa na majirani ndani ya mita 500, huruhusiwa kuhesabiwa pamoja nao. Wasipokuwa nao, husubiri.

Mpaka huo uliwapa wachumi Sam Asher na Paul Novosad kipimo kizuri: walilinganisha vijiji vilivyouvuka kidogo na vilivyoukosa kidogo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, barabara iliwatoa watu mashambani kwenda kufanya kazi nyingine, lakini mavuno, kipato na mali havikubadilika kwa kiasi kikubwa.

Barabara haiji na chombo. Bihar ililitambua hilo kwa namna yake mwaka 2006, ilipoanza kuwapa wasichana wa darasa la 9 rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta uandikishaji wa wasichana katika sekondari umepanda kwa takriban asilimia 32, hasa pale shule ilipokuwa mbali zaidi ya kilomita 3.

Awamu ya nne ya mpango wa barabara, iliyoidhinishwa Septemba 2024, inalenga makazi 25,000. Sensa ya mwaka 2021 iliahirishwa, kwa hiyo vichwa vinavyotumika ni vya 2011. Mtoto aliyehesabiwa wakati ule akiwa na miaka 6 bado anakisaidia kitongoji chake kufikisha 500, hata kama siku hizi anabeba zege Delhi.