Admirali aliyeufunza mtambo maneno ya watu



Ofisa wa jeshi kwa kawaida husifiwa kwa vita alivyopigana na vikosi alivyoviongoza. Grace Hopper wa Marekani alifikia cheo cha Admirali bila kuongoza manowari hata moja. Silaha yake ilikuwa hisabati. Adui aliyepambana naye hakuvaa sare: lilikuwa ni wazo kwamba elimu ya mitambo ni mali ya wachache, na kwamba wengine wote hawana budi kusubiri mlangoni.

Hopper alizaliwa New York mwaka 1906. Alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na alikuwa mwalimu katika Chuo cha Vassar. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alionekana kuwa na umri mkubwa mno na uzito mdogo mno. Akaomba ruhusa maalumu, na mwezi wa Desemba 1943 akaapishwa katika jeshi la akiba.

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuutumikia mtambo wa kukokotoa ulioitwa Mark I, wenye urefu wa mita zaidi ya 15 na uzito wa tani zaidi ya 4. Kazi yake ilikuwa kuuandalia mtambo huo maagizo ya kukokotoa hesabu za vita. Hapo ndipo alipoliona tatizo. Maagizo yaliandikwa kwa tarakimu na alama tupu. Karani wa mishahara au mtunza ghala, hata akiijua kazi yake barabara, hakuweza kuuagiza mtambo neno lolote pasipo kupitia kwa mtaalamu.

Mwaka 1949 Hopper alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly ya Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Mwaka 1952 alitengeneza programu iliyoiwezesha kompyuta yenyewe kukusanya na kupanga maagizo yaliyokwisha kuandikwa. Kisha akapendekeza hatua kubwa zaidi: watu waandike maagizo kwa maneno ya kawaida, na kompyuta iyageuze kuwa tarakimu. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, kwani kompyuta haijui Kiingereza.

Hopper na wenzake wakatayarisha maonyesho. Programu ndogo iliandikwa kwa maneno ya Kiingereza, nayo ikafanya kazi. Kisha maneno hayo yakabadilishwa kuwa ya Kifaransa, halafu ya Kijerumani, na kazi ikatoka ile ile. Wakuu wa kampuni, badala ya kufurahi, walishtuka! Mtambo uliojengwa Philadelphia ungewezaje kuelewa Kijerumani? Hawakutambua kwamba hata Kiingereza haukukielewa. Kwa mtambo, neno ni alama tu. Binadamu ndiye anayeipa alama hiyo maana.

Juhudi hizo zilizaa lugha ya FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali na makampuni walikutana kutunga lugha moja ya kompyuta kwa kazi za ofisi, nao wakaiita COBOL. Hopper hakuitunga peke yake; alikuwa mshauri, lakini msingi wake mkubwa ulitokana na FLOW-MATIC. Hadi leo COBOL inatumika katika mabenki na idara za serikali.

Mwishoni mwa mwaka 1966 Hopper alistaafu. Mwaka 1967 jeshi lilimwita arudi kwa miezi 6 tu ili asaidie kuleta utaratibu mmoja katika lugha za kompyuta zake. Ukiacha mapumziko mafupi, alibaki kazini hadi Agosti 1986, akiwa Admirali wa nyota moja mwenye umri wa miaka 79. Alifariki dunia mwaka 1992.

Hata katika cheo hicho hakuacha ualimu. Makamanda walipouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti hukawia, aliwapa kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 30 hivi. Huo, aliwaeleza, ndio umbali mkubwa kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Na kati ya ardhi na setilaiti vipande vya namna hiyo ni vingi sana. Jambo lililokuwa fumbo likashikika mkononi.

Ndugu walimu, wapo hadi leo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, kama vile sayansi ilizaliwa na lugha yake. Maonyesho yale ya Philadelphia yanawajibu. Kujifunza lugha za kigeni ni jambo jema. Lakini kumnyima mtoto maarifa mpaka kwanza azijue ni kumfungia mlango usio na sababu ya kufungwa.

Nanyi ndugu watumishi, fomu ambayo mwananchi haielewi ni tarakimu za Mark I zilizovaa maneno. Umangimeza hustawi pale ambapo mwenye shida hawezi kusema mwenyewe anachotaka. Hopper alitumia zaidi ya miaka 40 kuhakikisha kwamba mwenye kazi anaweza kuuagiza mtambo kwa maneno yake mwenyewe. Mwananchi aliyesimama mbele ya meza ya ofisi anastahili haki hiyo hiyo.