Rutuba Iliyozama Baharini

Hapa Riruta Satellite twajua kwamba shamba lisilotiwa samadi huchoka. Bahari nayo ni vivyo hivyo. Mimea midogo mno, chakula cha mwanzo cha samaki, huelea juu penye mwanga. Lakini kila kifacho huzama gizani na rutuba yake. Nani ataipandisha?

Msimu wa kusi, mbele ya Somalia, mkondo hujizungusha kwa upana wa kilomita 500 hivi. Katikati maji hushuka, chakula ni haba. Ajabu ni ukingoni, upande wa pwani: maji baridi hupanda na rutuba, bahari ikawa kijani.

Kwetu Kenya twangoja kaskazi, mikondo miwili ikutanapo kaskazini mwa Malindi. Ndipo wavuvi huenda mbali. Tuwaombee usiku huu.