SINDANO YA PILI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya maradhi ya kuambukiza. Tumechagua ugonjwa mmoja tu, yaani surua, ambao wengi huudhania kuwa jambo la kawaida la utoto.

Surua haitokani na upepo mbaya wala jicho la mtu. Huletwa na virusi, kijidudu kidogo mno hata hadubini ya kawaida haikioni. Mgonjwa akikohoa, kijidudu hicho huweza kukaa hewani hata saa 2. Mtoto aingiaye chumbani baada ya mgonjwa kutoka aweza kuambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuambukiza wenziwe siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati mama angali akidhani ni mafua. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa ni vema, lakini hakutoshi.

Mwili nao haukai bure. Katika chembe nyeupe za damu, ziko zinazomshambulia adui, ziko zinazotengeneza silaha ya kumfaa yeye peke yake, na ziko zinazomkumbuka, hata akirudi baada ya miaka mingi atambulike mlangoni. Lakini kujifunza huko huchukua siku kadha wa kadha, na mtoto dhaifu aweza kufa kwa kichomi au kuhara kabla askari wake hawajawa tayari. Zaidi ya hayo, surua huziharibu chembe zenye kumbukumbu, hata mtoto aliyepona hubaki muda mrefu akishambuliwa na maradhi mengine ambayo mwili wake ulikwisha kuyajua.

Chanjo huufundisha mwili bila vita, kwa kuuonyesha adui aliyedhoofishwa. Hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huuliza, "Ya pili ni ya nini?" Jibu ni hili: katika watoto 100 wanaodungwa wakiwa na miezi 9, kama 85 hupata kinga, 15 hivi hawapati. Hakuna mama awezaye kumtazama mwanawe akajua yumo katika fungu lipi.

Wako wasemao kwamba maradhi hayashindiki. Ndui ilishindwa. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye akawahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, hata alipofariki mwaka 2013.

Ndugu wanachama, sisi huchanga fedha za mazishi, wala hatutaacha, maana kuzikana ni wajibu. Lakini twaiomba Halmashauri ikubali kwamba mfuko huo utoe pia nauli ya mama asiyeweza kufika kliniki, na kwamba kila mzazi aje na kadi ya mtoto wake katika mkutano ujao, ionekane kama sindano ya pili imeandikwa.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nasi twasema, sindano juu ya sindano ndipo kinga ya mtoto ikamilikapo.