Simu ya rahisi na kahawa iliyo bado mtini

(Mazungumzo ya Kamati mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumeombwa tuseme juu ya hizi simu za kioo na taa za jua, maana siku hizi wachuuzi wake wanapita kijijini kuliko wachuuzi wa majembe. Tutasema. Lakini kwanza tuelewane: Kamati haipingi simu. Bei ya kahawa tunaiulizia kwa simu. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari linaitwa kwa simu. Wenzetu wa Liuli na Lituhi wanaulizana kwa simu kama usipa umepatikana, kabla mchuuzi hajapoteza nauli ya kuteremka ziwani. Tunachopinga ni namna tunavyozinunua.

Wazee wanakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Betri za redio zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Betri ikiisha inaanikwa juani, inapata nguvu kidogo, taarifa ya habari inasikika nusu, halafu kimya. Wengine walizifunga betri kuukuu tano sita pamoja kwa karatasi na mpira. Redio ilikuwepo, ilishalipiwa zamani, lakini bila betri ni sanduku tu. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani, na kabla mwaka haujaisha dola ikafika shilingi 50 na ushee. Kila kitu kilichotoka nje kikapanda nayo. Leo dola ni zaidi ya shilingi 2,000, na simu tunazonunua bado zinatoka nje.

Kwa hiyo tusiulize tu, "Bei gani?" Tuulize pia, "Inakula nini?"

Tupige hesabu ya mfano, kila mtu aibadilishe kwa bei anazozijua yeye. Tuseme kuchaji dukani ni shilingi 300. Kitochi kinakaa siku nne, kwa mwaka unakichaji kama mara 91, jumla shilingi 27,300. Simu ya kioo inataka chaji kila siku, jumla shilingi 109,500. Bado bando. Ukinunua la shilingi 500 kila siku, kwa mwaka ni shilingi 182,500. Simu hiyo imekula shilingi 292,000 na wala hujaihesabu bei ya kuinunulia. Nusu ya pesa hiyo ingekuwa mbolea. Haya, mwenye biashara atasema bando linamrudishia faida, na kweli wapo. Lakini yule anayeangalia mpira wa Ulaya kwenye kioo cha kiganjani, hiyo faida atuonyeshe na sisi.

Sasa tufike penye donda lenyewe: magoma. Jamani, hili tulisemee kwa sauti. Mwezi wa pili, wa tatu, nyumba haina kitu, kahawa ingali mbichi mtini. Anakuja mlanguzi na simu mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Kijana anaitamani. Hana pesa? Hakuna neno, "utanilipa kahawa." Tuseme simu inauzwa shilingi 300,000 na mlanguzi anaihesabu kahawa kwa shilingi 3,000 kilo. Kijana ameahidi kilo 100. Msimu ukifika, kilo hiyo hiyo kwenye chama ikilipwa shilingi 6,000, basi simu ile imemgharimu shilingi 600,000. Na mbaya zaidi, mara nyingi miche si yake peke yake. Mama yake amepalilia, amechuma, amebeba debe kichwani kwenye mteremko, na hakuulizwa. Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilivunja rekodi, ikapita dola 4 kwa ratili. Aliyekwisha kuuza mtini alisikia habari hiyo kwenye simu yake mpya.

Tena simu yenyewe ni simu kweli? Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima. Watu walilala na simu wakaamka na kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, bonyeza *#06# hapo hapo mbele ya muuzaji. Itatokea namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 upate jibu ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine na hiyo uliyoshika, rudisha. Muuzaji akikukataza kubonyeza, umeshapata jibu. Na dai risiti. Wala usingoje kodi ikushushie bei: mwaka 2021 Serikali iliondoa VAT kwenye simu za kioo, mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa.

Taa za jua ni habari nyingine, na hapa Kamati inaunga mkono. Kibatari kinakula mafuta kila usiku na kutoa moshi machoni mwa watoto wanaosoma. Jua halina bili. Ila zile za kulipa kidogo kidogo zisomwe mkataba wake mpaka mwisho. Nyingi zina kifungio: usipolipa kwa simu, taa inazimwa na kampuni ikiwa huko huko mjini. Mfanyakazi wa mshahara anaweza kulipa kila wiki. Sisi pesa yetu inakuja kwa msimu. Mwenye kutaka taa na aulize: naweza kulipa baada ya malipo ya kahawa? Nikifa katikati, deni ni la nani? Betri ikichoka, fundi yuko Mbinga au Dar es Salaam?

Shauri letu ni hili. Chama kinunue paneli moja kubwa na betri yake kwa fedha taslimu, vifungwe kwenye jengo la mashine ya kumenya kahawa, na wanachama wachaji hapo kwa bei itakayotosha kununua betri nyingine hii ikifa. Daftari litunzwe na akina mama wawili watakaochaguliwa na mkutano. Na mwenye shida ya kweli kabla ya msimu, ada ya shule au matibabu, alete ombi kwa Kamati kabla ya kwenda kwa mlanguzi. Ombi la simu halitapokelewa.

Kura itapigwa Jumamosi saa nne asubuhi, ghalani. Fundi atakuwepo na bei tatu kutoka maduka matatu. Wa bondeni waambiwe mapema, njia ina utelezi.