Elimu ya Nafsi na Majonzi Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika siku ya ukumbusho

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba nafsi ya mwanadamu na kuitengeneza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Wenzangu wa jumuiya wamenitaka niseme maneno machache leo. Nimeona niwasimulie habari za mtu mmoja mwenye elimu, ambaye hakuwa wa nchi yetu wala sikupata kumwona kwa macho. Naye ni marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, mwalimu wa elimu ya nafsi, elimu ambayo siku hizi wengi huiita saikolojia. Nimemchagua kwa sababu maneno yake yamenionyesha kosa langu, na kosa la shehe lisiposemwa huwa kosa la mji mzima.

Kosa lenyewe ni hili. Nyote mwajua yaliyotupata tangu alfajiri ile ya tarehe 5 Oktoba 2017, mji wetu wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa. Mwajua tulivyouhama mji mwaka 2020, na jinsi wenzetu wa Palma walivyokimbia Machi 2021. Katika mwaka huo waliohama makwao katika mkoa wetu walizidi laki saba. Miongoni mwao alikuwamo mvuvi mmoja, ambaye jina lake nalisitiri. Alipakia watu wake katika mashua akashika njia ya kusini kuelekea Pemba. Upepo ukawakataa, maji ya kunywa yakawaishia, na mama yake mzazi akafia chomboni. Wakamzika katika kisiwa kisicho na watu, wakaendelea na safari.

Mvuvi huyo aliporudi nyumbani hakuweza tena kwenda baharini. Akiona tanga mikono humtetemeka, na usiku hakupata usingizi. Akanijia, akaniambia, "Shehe, mimi nimelelewa na maji, na leo nayaogopa maji. Nina nini?" Nami nikamjibu upesi, kama mtu anayefukuza kuku, "Imani yako imepungua, mwanangu. Zidisha nyiradi, wacha woga." Akanyamaza, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuonekana msikitini, wala ya pili yake. Nikadhani nimemwambia kweli, naye ameichukia kweli.

Baada ya muda kijana wetu mmoja aliyesoma Khartoum akaniletea kitabu cha Kiarabu juu ya tafakuri, kilichotungwa na huyo Malik Badri. Nikakisoma, kisha nikauliza habari za mtungaji.

Malik Badri alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Rufaa, kando ya mto Nili ya Buluu. Baba yake ni Shehe Babikr Badri, ambaye ujanani alipigana katika majeshi ya Mahdi, na alipokuwa mtu mzima akafungua shule ya wasichana katika mji huo huo wa Rufaa, mwaka 1907. Wengi walimpinga. Basi akaanza kwa binti zake mwenyewe tisa, pamoja na binti wanane wa jirani, katika nyumba ya udongo. Mwana alirithi tabia ya baba, akawa haogopi kusema lililo jema kwa kuwa watu hawajalizoea.

Akasoma Beirut, kisha Leicester nchini Uingereza, akapata shahada ya udaktari mwaka 1961. Kazi yake ikawa kufundisha wanafunzi na kukaa na wagonjwa wa moyo. Mwenzetu mmoja aweza kuuliza, hiyo ni kazi gani, mtu kukaa kitini kutwa akisikiliza huzuni za watu? Nami najibu kuwa ni kazi ngumu. Mwenye kubeba gunia hulitua jioni. Lakini mwenye kubeba maneno ya watu huenda nayo mpaka kitandani. Katika kazi hiyo alitembea nchi nyingi: Sudan, Morocco, Saudia, Malaysia, na uzeeni hata Istanbul. Akafariki Februari 2021, mwezi mmoja kabla ya msiba wa Palma.

Jambo lililomtia wasiwasi maisha yake yote lilikuwa hili. Aliwaona wasomi wa Kiislamu wakirudi kutoka Ulaya na Marekani na kila walichofundishwa juu ya mwanadamu, wakakimeza bila kutafuna. Mwaka 1975 akawahutubia wenziwe huko Marekani, akawakumbusha hadithi ya Mtume, kwamba umma huu utafuata njia za waliotangulia hatua kwa hatua, hata wakiingia katika shimo la kenge nao wataingia. Akawaambia, ninyi wataalamu wa nafsi mmo shimoni. Mwaka 1979 maneno hayo yakatoka kuwa kitabu.

Walakini msidhani kwamba aliikataa elimu ya wageni. Laiti angeikataa asingeifundisha wala asingetibu kwayo. Alifanya kama wafanyavyo mama zetu na mchele uliotwangwa: ungo mkononi, pumba hupeperuka na mchele hubaki. Alichokipinga ni nadharia inayomfanya mwanadamu kuwa mnyama asiye na roho. Alichokishika ni tiba inayomfaa mgonjwa kweli, kisha akaongeza yale ambayo wageni hawakuwa nayo, yaani dua, ibada, na kumtegemea Mungu.

Tena akachimba hazina ya wazee wetu. Alimtafsiri kwa Kiingereza Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa mji wa Balkh aliyefariki mwaka 934, miaka elfu na zaidi iliyopita. Al-Balkhi alitunga kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi, naye anasema kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Huzuni ameigawa mafungu mawili. Iko huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa na kupotelewa, na dawa yake ni maneno mema na mazungumzo. Na iko huzuni isiyo na sababu inayojulikana, nayo hutoka katika mwili na damu, na dawa yake ni ya mwili. Asema pia kwamba kama mtu aliye mzima awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, vivyo hivyo na aweke akiba ya fikira njema moyoni siku ya raha, apate kuzitumia siku ya dhiki.

Na juu ya woga, al-Balkhi asema kwamba nafsi yapaswa kuzoezwa lile inaloliogopa, mara baada ya mara, hata liwe la kawaida kwake. Imam Ghazali naye, katika Ihyaa, ametaja habari ya mtu aliyejiona mwoga, akawa anapanda bahari wakati wa kipupwe mawimbi yakiwa makali, ili apate ushujaa. Lakini pale pale Imam afundisha kwenda kwa daraja: mtoto huvutwa chuoni kwanza kwa mchezo wa mpira, kisha kwa nguo nzuri, kisha kwa cheo, mpaka mwisho apende Akhera. Basi mwenye jeraha hasukumwi katika mawimbi, bali huongozwa hatua moja moja.

Niliposoma hayo nikamkumbuka mvuvi wangu, nikaona haya.

Nikafikiri, nani katika umma huu alipata kutetemeka? Mtume wetu mwenyewe, aliposhuka kutoka pango la Hira. Aliingia nyumbani moyo ukimpapa, akaomba afunikwe. Je, Bibi Khadija alimwambia nini? Hakumwambia, "Imani yako imepungua." Kwanza alimfunika hata hofu ikamtoka. Pili alimsikiliza, akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake mwenyewe: kwamba aunga udugu, abeba mizigo ya wanyonge, akirimu wageni, basi Mungu hawezi kumwaibisha. Tatu alimchukua kwa mtu mwenye ujuzi, Waraka bin Naufal. Mambo matatu hayo tumeyasoma katika kila Maulidi na hatukuyatenda.

Na Nabii Yaakubu, je, alipolia hata macho yake yakawa meupe, imani ilimpungukia? Na Mtume alipotokwa na machozi juu ya mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila hatusemi lisilompendeza Mola, hiyo nayo ilikuwa kasoro? Hasha. Basi nilimtoza mvuvi kile ambacho Mungu hakuwatoza mitume.

Nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani akichana makuti. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile nilikujibu kabla sijakusikia. Nisamehe, kisha nisimulie." Akasimulia toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, na mimi sikumkatiza. Alipofika kwenye kaburi la mama yake akalia, nami nikalia. Tulipokwisha tukamsomea mama huyo Yasin, maana hakuna aliyemsomea hitima.

Siku zilizofuata tulikwenda pamoja pwani. Mwanzo tuliketi juu mchangani, akishona nyavu, uso wake ameelekeza mjini. Baadaye akageuza uso. Baadaye akatia miguu majini wakati wa maji kupwa. Halafu akapanda mashua iliyotia nanga, akakaa kitako, akashuka. Kila hatua tuliirudia mpaka mikono ikatulia, na katika kila hatua akisoma dua ya safari. Nikampeleka pia hospitali kwa ajili ya usingizi, akapewa dawa. Sitawadanganya kwamba amepona kabisa. Leo hii huvua karibu, na jua likikaribia kuchwa hurudi pwani. Uvuvi wa usiku bado haujamwezekea. Walakini huvua, wanawe wanakula, na Ijumaa yuko safu ya pili.

Enyi ndugu zangu, yako mambo mawili ambayo watu watanipinga kwayo. Mmoja atasema, "Shehe, wewe wayakana majini?" Siyakani, kwani yametajwa katika Qur'ani. Lakini si kila anayepiga kelele usiku ana jini. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua hahitaji jini la kumtia hofu, alichokiona kinatosha. Mwingine atasema, "Kombe na dua havitoshi?" Dua ndiyo silaha yetu, na mimi nazidi kuisoma. Lakini Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu, na alituamrisha kutafuta dawa. Anayekwenda hospitali kwa homa ya malaria hatumwiti kafiri. Kwa nini basi anayekwenda kwa ugonjwa wa moyo tumwite mwendawazimu?

Kwa hiyo nawausia matatu, nayo ni yale ya Bibi Khadija. Funikeni: anayelia asikemewe wala asifanywe hadithi ya barazani. Sikilizeni: kila mtaa uwe na wazee wanaume na wazee wanawake wa kukaa na wafiwa, hata baada ya arobaini kwisha na jamaa kurudi makwao. Pelekeni: mkiona mtu haliwi, halali, au anataja kujiua, msingoje, mchukueni kwa wenye ujuzi.

Nanyi walimu wa vyuo, wenzangu wa ubao na juzuu, neno langu kwenu ni hili. Mtoto anayelowesha mkeka, anayeshtuka mlango ukigongwa, anayesahau leo herufi alizozijua jana, si mkaidi. Ziwekeni chini bakora. Bakora haijapata kutoa hofu katika moyo. Huongeza hofu juu ya hofu.

Na kwa ajili yetu sote kuna lile nililolisoma mwanzo katika kitabu cha tafakuri. Profesa yule ameeleza kwamba tafakuri ina daraja. Kwanza jicho huona. Kisha moyo huonja uzuri wa kile kilichoonwa. Kisha akili huunganisha kiumbe na Muumba wake. Mwenye kudumu katika hayo hufika daraja ya nne, hata kila akionacho kikawa kinamkumbusha Mola wake. Bahari yetu hii tuliikimbilia, imetuzikia watu, na ndiyo inayotulisha. Nilimwuliza mvuvi yule huwaza nini sasa akiiona. Akanijibu, "Shehe, zamani nilikuwa naona samaki tu. Halafu nikawa namwona mama tu. Sasa namwona mama, na namwona aliyemchukua, na moyo unatulia kidogo."

Hiyo ni tafakuri ya mtu asiyesoma kitabu hicho wala kingine.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu maiti wetu, waliozikwa makaburini na waliozikwa visiwani na wale ambao hatujui walikozikwa. Mrehemu mja wako Malik Badri, na uifanye elimu yake kuwa sadaka isiyokatika. Utulize mioyo ya watoto wetu, uurudishe usingizi katika nyumba zetu, na uujaalie mji huu amani. Amina, amina, ya Rabbal-alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.