Mlima Ukiwa Mwalimu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu wa shule za msingi)



Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kufasiri, na jambo nililoombwa kulisema leo nililipata kwa njia ya neno moja lililonishinda mezani. Watu wa Norway husema friluftsliv. Ukilikata vipande utapata “maisha ya hewa huru”; walakini nikiliandika hivyo msomaji atadhani nasimulia habari za wagonjwa wa kifua. Mshairi wao Henrik Ibsen alilitumia mwaka 1859. Maana yake ni kukaa nyikani na milimani pasipo mashindano: mtu hutembea kwa mwendo wa miguu yake, hupika, hulala, hutazama.

Mmoja aliyeishi hivyo ni Arne Næss, aliyezaliwa 1912 na kufariki 2009. Alipewa uprofesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 27. Lakini mahali alipopapenda zaidi palikuwa kibanda cha mbao alichokijenga juu ya mlima Hallingskarvet, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huko alikaa muda mwingi wa maisha yake, akitazama mimea midogo iliyojibanza kati ya mawe, akaandika kwamba kila kilicho hai kina thamani yake chenyewe, hata kisipomfaa binadamu kwa lolote.

Mwenziwe, Nils Faarlund, aliyageuza hayo kuwa mafunzo. Mwaka 1967 alianzisha shule ya milimani, na humo mwalimu huitwa mwonyesha njia. Huenda na kikundi kidogo, hulala nao nje, wala hatangulizi hotuba ndefu kama hii yangu. Mwanafunzi huchimba theluji mpaka aione ile tabaka dhaifu iwezayo kuporomoka na kumfunika. Safari hupimwa kwa uwezo wa wale waliomo. Tena kanuni za usalama wa milimani za Norway zasema wazi kwamba kurudi nyuma kwa wakati si aibu.

Mwaka 1971 watu hao wawili, pamoja na Sigmund Kvaløy, walikwenda Nepal kwenye mlima Tseringma, wenye urefu wa mita 7,134, ambao Washerpa wa bonde lile huuheshimu kuwa mtakatifu. Kumbukeni kwamba Næss huyu ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza kufika kilele cha Tirich Mir, mita 7,708, mwaka 1950. Hakuwa mtu wa kuogopa. Lakini pale Tseringma walipanda ubavuni, wakasimama kwa hiari yao, wakashuka. Kilele wakakiacha. Wengine walikifikia mwaka 1979.

Je, tumwambie mtoto kwamba walishindwa? Hapo ndipo penye ugumu wetu, maana shule zetu zajua kilele tu, nacho ni mtihani. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu alituchorea mharagwe ubaoni: mzizi, shina, jani na ua. Nje ya dirisha palikuwa na shamba zima la maharagwe. Hatukutoka. Nilipata alama zote. Miaka mingi baadaye mke wangu aliniuliza kwa nini maharagwe yetu yanageuka manjano, nikanyamaza. Kijana mmoja mchunga mbuzi, aliyeishia darasa la nne, aling’oa shina moja, akalipasua karibu na mizizi, akatuonyesha funza.

Sisemi mtihani ufutwe. Mzazi aliyeuza ng’ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza alama. Naomba saa moja tu kwa juma. Chagueni mti mmoja ulio karibu na shule, mrudi kwa mti uleule muhula mzima. Mara mbili za kwanza mtoto asiandike neno. Akae kimya, atazame. Akiuliza, “Mdudu huyu ni nani?” msimjibu upesi. Mwulizeni anakula nini.

Jambo moja la mwisho. Sheria ya Norway ya mwaka 1957 humruhusu kila mtu kupita kwa miguu katika nchi isiyolimwa, hata ikiwa ni mali ya mwingine. Kwetu si hivyo. Basi kabla ya kuwatoa watoto, nendeni mkaongee na mwenye shamba, na wazazi waambiwe saa ya kurudi.