Mwani, Joto na Msomi wa Bahari

Maji ya bamvua yakishakupwa kule Paje na Jambiani, Unguja, kina mama hushuka pwani kufunga mwani kwenye kamba. Adui wao ni joto: kotonii, aina yenye bei nzuri, huwa nyeupe, ikalainika na kukatika. Mtafiti Dakta Flower Msuya hakuishia maabara; aliwafundisha kuipanda ndani ya nyavu za mirija, kwenye kina ambako maji hayachemki. Ila kina mama wengi hawajui kuogelea, na boti ni ghali! Hilo bado halijapata wataalamu wa kutosha. Kijana wa kisiwani, ukitaka kulishughulikia, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapo hapo Unguja. Omba nafasi ya kusoma huko.